Mstari wa Kumi

Balbina alijiunga na chama cha wapiga salamu Jumapili ya pili ya Februari, mwaka tisini na tano, baada ya misa ya pili, na kabla jua halijazama alikuwa ameshapata ndugu ishirini na mmoja. Tuseme ukweli, hakuna aliyemlazimisha. Alikwenda mwenyewe, kwa miguu yake, na kitenge kipya juu.

Huyu Balbina alikuwa fundi cherehani pale Mlabani, Ifakara, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mkavu, mwenye mdomo. Mumewe alimwacha siku nyingi kwa sababu hakuzaa, akaenda kuoa Mang'ula, na tangu hapo mtaa mzima ulimwita Fundi. Fundi, suruali yangu imeisha? Fundi, hapa umenibana. Jina lake la ubatizo lilibaki kwenye cheti cha kanisa. Mtu anaweza kuishi hivyo miaka kumi na tano bila kujua kinachomuuma, mpaka siku anaposikia redioni jina la muuza nyanya wa sokoni, mwanamke anayemfahamu kabisa, likitajwa na mtangazaji aliyeko Dar es Salaam kwa sauti nzito ya heshima. Siku hiyo Balbina alipindisha mshono. Aliufumua huku amekasirika, na hakujua amemkasirikia nani.

Chama kilikutana kwenye kibanda cha Stanislaus, fundi wa redio, ambaye ndiye alikuwa mwenyekiti. Balbina alitegemea kukuta watu wakubwa wakubwa. Akakuta mlinzi wa ghala, mtu wa kupaka rangi baiskeli, mhudumu wa hospitali, yule muuza nyanya, na vijana wawili wa shamba la mpunga wenye matope kwenye kucha. Lakini walivyokuwa wanaamkiana! Kila mmoja alikuwa na jina lake la hewani, na walishikana mikono kwa majina hayo kana kwamba ni vyeo. Siku hiyo alikuwapo mgeni kutoka Kiberege ambaye walikuwa wakisalimiana naye redioni miaka miwili bila kuonana. Aliposema jina lake walimkumbatia, wakampigia makofi, wengine machozi yakawatoka. "Kumbe ndiye wewe!" walikuwa wakisema. "Kumbe ndiye wewe!"

Balbina alisimama pembeni na kitenge chake. Hakukumbuka lini mtu alifurahi hivyo kwa kumwona yeye.

"Mpiga salamu hana ugeni," Stanislaus akamweleza. "Ukienda popote penye mwenzako, uliza tu, utapelekwa mpaka mlangoni. Na wewe vivyo hivyo, akija mtu wetu, unampokea. Sasa mama, jina lako la hewani nani?"

Akababaika. Wakamchagulia wao: Mama Cherehani. Wakalitamka wote kwa pamoja, mara tatu, na kadi ya kwanza akakabidhiwa kwa mikono miwili.

"Juu unaandika wewe ni nani na uko wapi, kwa herufi zinazosomeka," mwenyekiti akasema. "Chini kuna mistari kumi, watu kumi unaowasalimu, kila mmoja na mahali pake. Mwisho kabisa, ujumbe. Na usiache pengo, mama. Kadi yenye pengo inaonyesha huna watu. Ni aibu kwa tawi zima."

Alirudi nyumbani kama mtu aliyekunywa, na hakuwa amekunywa.

Kesho yake asubuhi akakaa na kadi. Kaka zake wawili wa Malinyi, hao wawili. Mama yake wa ubatizo, watatu. Wanachama sita aliowashika majina, tisa. Ukabaki mstari wa kumi. Akawaza kumwandika mume wa Mang'ula ili asikie mwenyewe na mke wake, akacheka peke yake, akaacha. Ndipo macho yake yakamwangukia Natalia, mtoto wa miaka mitano, aliyekuwa amelala juu ya vipande vya nguo chini ya meza ya kukatia.

Natalia alikuwa mtoto wa Levina. Na Levina alikuwa mwanamke aliyetokea miezi saba nyuma, akaomba kazi ya kushona vifungo na kupiga pindo kwa mkono. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, na hakuwa na maneno. Alipanga chumba Lipangalala, kila asubuhi anakuja na mtoto, jioni anarudi naye. Watu walimjua kwa Mama Nata, basi. Harusini haendi, msibani haendi, na wateja wa ng'ambo ya mto Kilombero wakiingia yeye huchukua sindano yake akahamia uani. Balbina aliona ni haya tu ya mtu wa kijijini. Jina lake kamili alilijua kwa bahati, siku aliyompeleka mtoto kupimwa uzito akalisoma kwenye kadi ya kliniki. Mtoto alimwita Mama Bina. Hakuna mtoto mwingine aliyewahi kumwita mama wa aina yoyote.

Akataka kuwafanyia jambo zuri hawa watu wake wawili. Akawaza jinsi Levina atakavyoshtuka, atakavyofunika mdomo kwa mkono. Akaandika kwa herufi zinazosomeka: Levina Antoni na mwanawe Natalia, Lipangalala, karibu na kisima cha misheni. Akaenda posta mwenyewe kuitumbukiza.

Ijumaa ya wiki hiyo hiyo walikuwa kazini, redio imefunguliwa, kipindi cha salamu cha saa nane kinaendelea. Balbina hakuweza kuzuia tabasamu.

"Ngoja siku yetu ifike," akasema. "Utasikia mambo."

Sindano ya Levina ikasimama. "Dada, usije ukanitaja mimi."

"Kwa nini? Umeua?"

Ulikuwa utani, lakini Levina hakucheka. Aliangalia mlangoni kwanza, kisha akamwangalia mtoto, kisha akasema mambo yote mfululizo na kwa sauti ya chini, kama mtu anayetapika. Mumewe alifia upande wa Mahenge. Arobaini haijaisha, kaka wa marehemu, Maximilian, akatangaza kwamba amerithi mjane na watoto, wamehamia kwake. Alipokataa, akaambiwa aende zake, ila watoto ni wa ukoo, maana mahari ilitolewa na mashahidi wapo. Alikuwa na mtoto mwingine, Yosefina, mkubwa wa Natalia. Wote wawili walibakizwa.

"Yosefina alikuwa na miaka saba," Levina akasema. "Alikuwa anatwanga mpunga wa nyumba nzima, dada. Miaka saba. Alipougua wakasema anadeka. Mimi nilipata habari kaburi limeshaota majani. Ndiyo maana huyu nilimwiba. Nilimtoa shambani kwao, nikavuka naye kwenye mtumbwi wa watu wa mkaa. Maximilian aliapa mbele ya watu kwamba atamrudisha. Na kule kila nyumba wanasikiliza salamu kuliko wanavyosikiliza injili."

Hapo ndipo pa kusema. Msomaji analiona hilo, na Balbina aliliona vilevile, hakuwa mjinga. Maneno yalikuwa machache tu: nimeshakuandika, funga mizigo yako. Lakini kuyasema ilikuwa ni kukiri, na baada ya kukiri, mtoto yule angekwenda zake na mama yake, na chini ya meza ya kukatia pangebaki vipande vya nguo.

"Siwezi kukutaja, mdogo wangu," akasema.

Jioni ile alikwenda kwa Stanislaus kuuliza kama kadi inaweza kurudishwa. Stanislaus alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. Miaka sita ya uenyekiti, akasema, watu wamekuja kulia kwamba kadi zao hazisomwi, hajawahi kuona aliyekuja kulia kwamba itasomwa. Gunia la posta limeshapanda treni. Barua ya kuizuia itaandamana nyuma yake, na itafunguliwa baada yake.

"Kwani kuna nini, Mama Cherehani?"

"Nimekosea jina la mtu."

"Aa, hilo watasahihisha wenyewe. Na nyingine huwa zinapotea tu, usijali. Yangu ya Krismasi mpaka leo."

Balbina aliiandika barua ya kuzuia hata hivyo. Kisha akashikilia lile neno la kupotea. Akamwomba Mungu ampotezee kadi yake, akaahidi kuwasha mishumaa.

Machi mvua zikafunguka. Kilombero ukafura, ukala mashamba ya kingoni, na pale Kivukoni pantoni ikasimama. Balbina akapumua. Kila mtu aliyeingia dukani alimwuliza habari za mto, na kila alipojibiwa kwamba maji yamezidi, alijibu, "Mungu ni mwema," watu wakamshangaa. Kila ilipokaribia saa nane alimtuma Levina: kanunue uzi mweusi, kapeleke hizi kaptula, kaniangalizie kama mashine ya kukoboa imefunguliwa. Levina na mtoto wakitoka, yeye anafungua redio, anaweka sikio.

Siku moja ya wiki ya pili alisikia, "... na Mama Cherehani wa Mlabani, Ifakara." Ilikuwa kadi ya muuza nyanya. Jina lake, kutoka Dar es Salaam, kwa sauti nzito ya heshima, na nje mtoto wa jirani akapiga kelele, "Fundi katajwa!" Alifurahi. Alifurahi kweli, akasimama, akajikuta ameshika shavu. Baadaye, katika yote aliyojutia, furaha ile ndiyo iliyomchoma zaidi.

Kadi yake ilisomwa Alhamisi, mwishoni mwa mwezi. Alikuwa amemtuma Levina uzi kama kawaida, lakini mvua ikamrudisha njiani, akaingia ameloa, amembeba Natalia mgongoni, saa nane na dakika chache. Balbina alinyoosha mkono kwenye redio. Mtangazaji akawahi.

"Kadi hii inatoka kwa Mama Cherehani, huyu ni Balbina wa Mlabani, Ifakara."

"Dada, wewe!" Levina akasema, na uso wote ukachanua. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona anacheka kwa meno. "Acha, usizime! Tusikie!"

Mkono wa Balbina ukabaki hewani. Kaka wa kwanza. Kaka wa pili. Mama wa ubatizo. Levina alikuwa akiitikia kila jina kwa kichwa, maji yakimdondoka kidevuni. Wanachama wakapita, mmoja mmoja, mtangazaji hana haraka. Kisha akasoma mstari wa kumi, na alikuwa msomaji mzuri, hakukosea hata herufi, mpaka kisima cha misheni akakitaja.

Levina alimshusha mtoto taratibu.

"Uliandika lini?"

"Kabla hujaniambia. Naapa, Levina. Jumatatu ile, kabla."

"Na baada ya kukuambia?"

Balbina akazima redio. Nje majirani walikuwa wameanza kupiga vigelegele.

Levina hakumtukana. Hakuwa na nafasi ya kufanya hivyo, alikuwa anahesabu siku. Treni ya kwenda upande wa Mbeya ilikuwa Jumamosi. Leo Alhamisi. Balbina akasema pantoni haitembei, mto umejaa, nani atavuka? Levina akamtazama. "Maximilian amezaliwa kwenye mtumbwi," akasema.

Wakakubaliana hivi: redio imesema Lipangalala, kwa hiyo Lipangalala pasikanyagwe. Mtoto abaki Mlabani, ndani, mpaka Jumamosi. Walikaa wanawake wawili wazima wakalipanga jambo hilo, wakaliona limekaa sawa, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba kabla ya majina kumi, mtangazaji husoma jina la mwenye kadi.

Ijumaa mchana Levina alikwenda stesheni kutafuta nafasi. Balbina alikuwa anakanyaga cherehani, mlango umerudishwa, Natalia chumba cha ndani, aliposikia hodi ya mtu mwenye furaha.

"Mama Cherehani! Kadi ya kwanza tu, na mgeni umeshapata!"

Alikuwa Stanislaus. Nyuma yake alisimama mwanamume mfupi, mpole wa uso, suruali imeloa mpaka magotini, anasukuma baiskeli. Mkononi alikuwa na kambale wawili waliokaushwa, wamefungwa vizuri kwa jani la mgomba.

"Ameuliza mjini kote," Stanislaus akasema. "Bahati akafika kwangu. Nikamwambia hakuna shida, yule ni mtu wetu, twende nikupeleke."

"Nilisikia salamu zako, mama," yule mgeni akasema. "Sauti ilifika vizuri sana."

Na Balbina, Mungu amsamehe, kwa muda wa kama pumzi moja aliona fahari. Alipokea wale samaki kwa mikono miwili. Alisogeza kiti. Ilipomjia akilini, mikono ilikuwa bado imeshika samaki, na Natalia alikuwa ametokea mlangoni na kigurudumu cha uzi alichochoka kukizungusha.

Mtoto alisimama. Alimwangalia yule mwanamume muda mrefu. Kisha akapiga goti kama alivyofundishwa.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu," Maximilian akasema. "Umekua."

Balbina alitupa samaki, akamkumbatia mtoto, akapiga mayowe mpaka mtaa ukajaa. Maximilian hakupandisha sauti. Aliomba tu aitwe balozi wa nyumba kumi, na balozi alipokuja akamweleza kwa utaratibu: marehemu ni mdogo wangu, mahari ilitolewa, mashahidi ni fulani na fulani, mtoto aliibwa shambani. Akamgeukia Balbina. "Mama huyu sina ugomvi naye. Amemtunza." Balozi akamwuliza Balbina yeye ni nani kwa mtoto. Balbina akasema, "Ananiita mama." Watu wakatazama chini. Balozi akajikuna kichwa, akasema mambo ya ukoo humalizwa na ukoo, mama wa mtoto kama ana la kusema alifuate huko huko.

Ilibidi wamfungue Balbina vidole. Maximilian alimpandisha mtoto nyuma ya baiskeli, akaomba kitambaa cha kumfungia asije akaanguka njiani, maana barabara ya Kivukoni ilikuwa utelezi. Hakuna aliyesogea. Natalia alikuwa ameanza kulia sasa, analia kimyakimya, anamtazama Mama Bina. Balbina akavua kitenge chake kipya, kile cha Jumapili, akamfunga yeye mwenyewe, akakaza fundo mara mbili.

Levina alirudi baada ya saa nzima. Aliona watu nje, akaona samaki sakafuni, na hakuuliza. Alichukua furushi lake lililokuwa tayari kwa ajili ya treni.

"Unakwenda wapi?" Balbina akamshika. "Levina, ukienda huko utakuwa umeolewa. Twende polisi. Twende kwa padri. Nitasema mimi ndiye niliyekosa."

"Mpaka umalize kusema, wameshampa mchi," Levina akasema. Hakuwa na hasira. Balbina angeshukuru kama angekuwa na hasira. "Nikatwange mimi, asitwange yeye."

Akaondoka kwa njia ya Kivukoni, mvua ikinyesha, na Balbina hakumwona tena.

Juni maji yakashuka, mpunga ukavunwa, pantoni ikaanza kuvusha. Balbina alikuwa ametoa betri kwenye redio yake siku nyingi. Mikutano ya Jumapili hakwenda, na wanachama walipomsalimia njiani kwa jina lake la hewani alipita bila kuitikia, wakasema ana maringo. Lakini betri za mtaa mzima huwezi kuzitoa. Mchana mmoja, saa nane, madirisha yote yakiwa wazi kwa joto, redio ya jirani ilifunguliwa mpaka mwisho.

"Hii kadi ni ya peke yake," mtangazaji alikuwa akisema, na alisikika anacheka. "Ndugu yetu Maximilian, mvuvi, kutoka ng'ambo ya mto Kilombero, mistari yote kumi ameandika jina la mtu mmoja. Mama Cherehani wa Mlabani, Ifakara. Mama Cherehani, unasalimiwa mara kumi, una bahati gani mama? Ujumbe wake unasema: mimi, mke wangu Levina na binti yetu Natalia, tunakushukuru. Bila wewe tusingeonana."

Mtaa ukalipuka kwa vigelegele. Jirani alikuja mbio mpaka dirishani, kanga inamvuka, mtoto mgongoni.

"Fundi! Mara kumi! Umesikia?"

Balbina aliinua mguu kwenye kanyagio. Jirani alikuwa anasubiri, anatabasamu, na hataondoka bila kujibiwa.

"Nimesikia," akasema.